Barua Elfu Kumi na Moja za Jumanne

Kaka yangu alikuwa akitengeneza miguu. Watu waliopoteza mguu kwa ajali, kwa kisukari au kwa kidonda kilichochelewa kutibiwa walikuja kwenye karakana ya kituo chetu. Aliwapima, akawafunga plasta kwenye kigutu, akachonga, akalainisha, na baada ya wiki tatu au nne wakaondoka wakitembea. Mimi nilikuwa mapokezi, hatua kumi na mbili kutoka kwenye meza yake. Nina cheti cha kidato cha nne na kozi ya kuchapa ya miezi sita. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ile, na tulikaa pale pamoja miaka tisa.

Mikono yake ilikuwa na plasta tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo hakugusa kompyuta. Akishampima mtu aliandika vipimo kwa penseli kwenye kipande cha ubao kilichoning'inia ukutani. Akipata nafasi, pengine siku hiyohiyo, pengine baada ya siku nne, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, mikono ameinua isiguse nguo zangu, akasema, "Haya, Katibu, andika."

Niliandika. Kila mgonjwa na barua yake: urefu, mzunguko wa kigutu mahali patano, panapomchoma ni wapi, anafanya kazi gani, anavaa kiatu gani. Hazikuwa barua za kumpelekea mtu. Mwanzoni tulikuwa tukijitumia wenyewe, kutoka anwani ya karakana kwenda anwani hiyohiyo ya karakana, lakini kila barua ilionekana mara mbili, iliyotumwa na iliyopokewa, na sanduku likajaa. Ndipo kaka akasema tusitume. Tuandike, tuhifadhi kwenye rasimu, tuziache hapo. Hata zile za mwanzo nilizinakili upya kwenye rasimu, nikafuta zilizotumwa. Tangu siku ile kumbukumbu zote za karakana ziliishi kwenye rasimu, barua ambazo hazikwenda popote.

Kulikuwa na jambo jingine. Kompyuta yangu ya mapokezi ilikuwa imekufa ile betri ndogo inayotunza saa. Kila asubuhi nikiiwasha iliamka ikidai ni tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao hata kituo kilikuwa hakijajengwa. "Heri ya mwaka mpya," kaka alinisalimu kila siku akipita mlangoni. Miaka tisa, hakuchoka. Kwa sababu hiyo mwanzoni nilikuwa naandika tarehe ya kweli juu ya kila barua, mpaka siku moja akaniona.

"Hiyo ya nini?"

"Tarehe. Mashine hii haijui leo ni lini."

"Ya kwako haijui. Ile kubwa ya stoo inajua. Barua ikifika kule inagongwa muhuri wa siku na saa. Usifanye kazi mara mbili, Katibu, watu wanasubiri miguu."

Ilikuwa kweli. Mashine kubwa, seva, ilikuwa stoo katikati ya magongo na viti vya magurudumu vilivyovunjika, ikivuma mchana na usiku. Nikifungua rasimu niliona kila barua ina siku yake sahihi, iliyowekwa na ile mashine. Nikaacha kuandika tarehe. Kwa muda mrefu nilidhani huo ni uamuzi mdogo sana.

Kaka alifariki Jumamosi moja, kabla ya adhuhuri, nyumbani kwake. Moyo. Wiki zake tatu za mwisho alikuwa leo anakuja, kesho haji. Daftari la mlinzi wa getini linaonyesha siku ya mwisho aliyoingia kazini ilikuwa Alhamisi.

Watu walipokuja kutupa pole, kila mmoja aliniuliza swali lilelile, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye kazini. Alikuwaje siku ya mwisho? Nikawasimulia habari ya kinyozi.

Kinyozi alikuwa na mguu mmoja wa kwake na mmoja wa kwetu. Alikuwa anakaribia kuoa, na mchumba wake alikuwa mrefu kuliko yeye. Akamwomba kaka amwongezee sentimita tatu. Kaka alinisimulia hayo akiwa amesimama nyuma yangu, akaniambia niandike, na mimi nikaandika, "Mgonjwa anaomba sentimita tatu kwa ajili ya harusi."

"Ongeza hapo," kaka akasema. "Fundi amemuuliza: na huu mwingine uliopewa na Mungu, tuuvute na nini?"

"Hiyo niandike?"

"Andika. Na jibu lake andika. Amesema harusini atasimama kwa mguu mmoja."

Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Kaka alijifuta machozi kwa mkono wenye plasta, akabaki na mstari mweupe shavuni.

Habari hiyo niliisimulia mara ishirini au zaidi. Mama aliisikia, akaishika. Wageni wakija alikuwa akiwaambia yeye mwenyewe: mwanangu siku yake ya mwisho kazini alikuwa anacheka na mdogo wake. Niliona jinsi uso wake ulivyotulia alipofika kwenye ule mstari wa plasta.

Lakini kulikuwa na siku nyingine. Hiyo sikumsimulia mtu. Ilikuwa barua ya mshonaji, mwanamke wa makamo ambaye mguu wake wa kulia uliishia chini ya goti. Kaka alinitajia kipimo, nikakiandika, nikamsomea, akasema hakusema hivyo. Nikafuta. Akataja kingine. Nikamsomea, akasema hicho pia sicho. Alikuwa amechoka, rangi yake mbaya, sauti imekauka. Mara ya tatu nikageuza kiti.

"Umesema thelathini na moja. Masikio yangu yanasikia."

"Sijasema thelathini na moja. Unaandika unachotaka."

"Mimi si mashine, kaka. Andika mwenyewe."

Akaitazama mikono yake. "Haya. Nenda," akasema.

Nikachukua mkoba nikaondoka, barua imekatika katikati. Sikumuaga.

Ilikuwa siku gani? Hilo ndilo nililoshindwa kujibu. Alhamisi ya mwisho, au wiki iliyotangulia? Kinyozi alikuja kabla ya mshonaji au baada yake? Kumuuliza kinyozi au mshonaji hakungesaidia, kwa sababu siku ya kupimwa haikuwa siku ya kuandikwa. Siku zile zilikuwa zimechanganyika kichwani mwangu, na kadiri nilivyoisimulia habari ya kinyozi, ndivyo nilivyozidi kutojua kama naikumbuka Alhamisi au nimeitunga.

Jibu lilikuwa kwenye rasimu. Ilikuwa ni kufungua tu, kutazama tarehe mbili na kulinganisha. Miezi mitano nilikaa mbele ya kompyuta ile na sikufungua. Nilijiambia nitaangalia kesho. Kama ni kinyozi, kesho nitamshukuru Mungu. Kama ni mshonaji, bado nina leo.

Kisha tukaambiwa mashine ya stoo imezeeka, barua zote zinahamishiwa kwenye seva mpya, na stoo itafanywa chumba cha kukaushia plasta.

Aliyekuja kuzihamisha alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, miwani imefungwa kamba shingoni, viatu vya raba. Tulimwita Injinia. Alifika Jumatatu, akaizunguka ile mashine, akagonga ubavu wake kwa kidole kama anayenunua tikiti maji.

"Huyu mzee ana umri gani?"

"Miaka kumi na mbili," nikasema.

"Kwa mashine hiyo ni mia moja na ishirini. Bado anafanya kazi? Mna roho ngumu."

Nikamwambia jambo moja tu: barua zisipotee hata moja. Sikumwambia kwa nini. Akanipiga bega. "Dada, mimi sipotezi. Mimi nahesabu zinazotoka, nahesabu zinazofika. Hesabu isipolingana, silali."

Jumanne kutwa alikuwa stoo. Jioni alikuja mapokezi na karatasi, mkuu wa kituo akasimama naye. "Zilizotoka, elfu kumi na moja mia tatu themanini na sita," akasoma. "Zilizofika, elfu kumi na moja mia tatu themanini na sita. Hata nukta haikudondoka njiani." Mkuu akatia sahihi. Mashine ya stoo ikazimwa. Tulikuwa hatujajua jinsi ilivyokuwa ikivuma mpaka iliponyamaza.

Mahali pa kaka palikuwa pameshachukuliwa na fundi mwingine, mwanamume mwenye sauti ya chini, ambaye wote tulimwita Fundi Mpya ingawa alikuwa na mvi, na ambaye aliandika vipimo vyake mwenyewe kwenye daftari. Jumatano asubuhi alikuja mapokezi akitaka barua zote za mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi aliyezaliwa bila mguu wa kushoto.

"Nataka kujua anakua kwa kasi gani," akasema. "Alipimwa lini na lini."

Nikafungua rasimu. Barua za yule mtoto zilikuwa kumi na nne. Zote zilikuwa za jana.

Nikashuka chini. Jana. Nikapanda juu. Jana, Jumanne, kati ya saa tano na saa kumi na moja. Nikatafuta kinyozi. Jumanne. Nikatafuta mshonaji. Jumanne. Barua elfu kumi na moja, za miaka tisa, zote zilikuwa zimeandikwa siku moja, miezi mitano baada ya kaka kuzikwa.

Fundi Mpya aliniuliza kama naumwa.

Injinia alikuwa bado yupo, akirekebisha simu za ofisi nyingine. Nilimwonyesha. Akavaa miwani.

"Zipo zote," akasema.

"Zipo. Tarehe hazipo."

"Tarehe haipotei, dada. Barua ina tarehe tumboni mwake, tangu ilipoandikwa. Ngoja nikuonyeshe." Akafungua barua moja, akabonyeza mahali, yakatokea maandishi mengi ya mashine. Akasoma. Akafungua nyingine, na nyingine. "Mbona zote ni tarehe mosi Januari?"

Nikamweleza habari ya betri.

"Sawa. Lakini barua ikitumwa, kila seva inayopita inaiandika tarehe yake."

"Hazikutumwa. Ni rasimu."

"Zote?"

"Zote."

Akavua miwani, ikaning'inia kifuani. Kisha akasema, taratibu, kama anayejihesabia kosa mwenyewe, kwamba katika programu ya kuhamisha kuna kisanduku kidogo cha kutia tiki, kinachosema tarehe za seva ya zamani zitunzwe. Yeye hakitii tiki. Miaka yote hajakitia, kwa sababu barua za watu hutumwa, na barua iliyotumwa inajua siku yake. Alikuwa hajawahi kuona ofisi inayojiandikia barua elfu kumi na moja bila kutuma hata moja, kwenye kompyuta isiyojua mwaka.

"Basi tufuate mpangilio," nikasema. "Iliyofika kwanza jana ndiyo ya kwanza kuandikwa."

"Programu ilizihamisha kwa wabebaji wanane kwa wakati mmoja, kila mmoja akichota anachokiona mbele yake. Mpangilio umevurugika, dada. Nisamehe."

Nikamuuliza kama ile ya zamani bado inazo. Akasema inazo, kama itakubali kuwaka. Diski zilizozunguka miaka kumi na mbili bila kupumzika, zikishapoa, wakati mwingine hazitaki tena. Na Ijumaa saa nane walikuwa wanakuja kuzitoboa kwa drili, kwa sababu zilikuwa na habari za wagonjwa, halafu mabati yaende kwa wanunua vyuma.

Mkuu wa kituo hakuona tatizo. Wagonjwa watapimwa upya wakija, alisema, na hesabu ya Injinia imetimia na amekwisha kutia sahihi. Lakini hakutukataza. Alisema tu Ijumaa saa nane ni saa nane.

Alhamisi asubuhi, kabla hatujaenda stoo, Fundi Mpya alinipa karatasi. Alikuwa ameandika majina ishirini na saba kwa mwandiko wake wa kulala. "Hawa ni watoto," akasema. "Mtu mzima nitampima upya, kigutu chake hakiendi popote. Mtoto ninahitaji kujua amerefuka vipi, mwaka kwa mwaka. Vinginevyo namtengenezea mguu leo, baada ya miezi sita anachechemea. Kama mashine itatoa kidogo tu, mwambie Injinia aanze na hawa."

"Sawa," nikasema. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Stoo ilikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto. Injinia alipiga magoti, akaunganisha waya, akabonyeza. Kitu kikagonga ndani, tik, tik, tik, kikanyamaza. Akazima. Akangoja. Akabonyeza tena. Mara ya nne ikaanza kuvuma, lakini kwa sauti nyingine, ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni chumba cha pili.

"Amekubali," akanong'ona, "lakini hana pumzi. Sikiliza. Hatutazipata zote. Safari hii natumia mbebaji mmoja, na tiki nimetia, angalia mwenyewe, usije kesho ukasema sikutia. Sasa niambie. Nianzie wapi?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Niliisikia kwenye paja nilipochuchumaa.

"Ana uwezo wa kutafuta majina?" nikauliza.

"Anaweza, ukinipa majina. Au anaweza kwenda moja kwa moja, kuanzia ya kwanza, au kuanzia ya mwisho kurudi nyuma."

Nataka niandike hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu nimekwisha kuona jinsi ninavyoweza kuisimulia siku mpaka ikageuka. Sikusahau ile karatasi. Sikuchanganyikiwa. Niliwafikiria watoto, hata nikauona uso wa yule msichana wa miaka kumi. Kisha nikasema, "Anzia ya mwisho, rudi nyuma."

Injinia akabonyeza.

Zilianza kuingia moja moja kwenye kompyuta yake ndogo iliyokuwa juu ya kiti cha magurudumu. Mstari mmoja, kimya, mstari wa pili. Kila mstari ulikuwa na jina la mgonjwa na mbele yake siku. Sikuhitaji kungoja. Wa kwanza kabisa, kwa kuwa ndio uliokuwa wa mwisho kuandikwa, ulikuwa mshonaji. Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini na sita.

Kinyozi alikuja baadaye, mstari wa kumi na tatu. Jumatatu ya wiki hiyo, saa nne asubuhi.

"Umepata ulichokuwa unakitafuta?" Injinia akaniuliza, bila kugeuka.

"Nimepata."

"Ni kizuri?"

"Hapana."

Akatafuta kopo tupu la rangi akalipindua, akanisogezea nikae. Tukakaa wawili, tukiitazama mistari inavyoongezeka. Mia. Mia mbili. Nilianza kuomba moyoni mashine isife, nikajua naomba nikiwa nimechelewa. Ilipofika mia sita na kumi na mbili, kama miezi minane ya kazi, ikakwaruza kwa muda mrefu, ikagonga mara tatu, ikanyamaza. Injinia alijaribu mpaka saa tisa. Aliitoa diski akaishika mikononi ipate joto. Akaigeuza ubavu. Haikuwaka tena. Kesho yake saa nane wakaja na drili.

Nilikwenda kwa Fundi Mpya kabla hajasikia kwa mwingine. Alikuwa akipiga msasa unyayo, vumbi jeupe kwenye nyusi.

"Tumepata mia sita na kumi na mbili," nikasema.

"Watoto?"

"Waliokuja miezi minane ya mwisho ya kaka tu. Ya nyuma hakuna."

"Mashine ilikataa majina?"

Ningeweza kusema ndiyo. Injinia hakujua kwamba kulikuwa na karatasi. Nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani, bado imekunjwa vilevile.

"Sikumpa. Nilimwambia aanze na za mwisho. Nilitaka kujua kaka aliniachaje."

Msasa ukasimama. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, na nikaona anatafuta neno kali na analipata. Hakulisema. Alirudi kupiga msasa, mara nne au tano, kwa nguvu kuliko unyayo ulivyohitaji.

"Watoto ishirini na saba," akasema.

"Ndiyo."

"Utawaita wote. Tutawapima upya, na miezi mitatu mitatu baada ya hapo, mpaka niwajue. Wewe utasimama hapa uandike. Na mzazi akiuliza kwa nini anarudishwa, mimi simjibu. Utamjibu wewe."

"Nitamjibu."

"Haya." Akapuliza vumbi. Nilipofika mlangoni akaniita. "Na mshonaji mwite. Barua yake nimeiona, imekatika kwenye kipimo cha tatu. Yule mama miezi mitano anashona kwa mguu mmoja."

Jumapili nilikwenda kwa mama. Alikuwa ukumbini na jirani, na nilipokuwa navua viatu mlangoni nilimsikia amefika kwa kinyozi. "Eti huu wa Mungu tuuvute na nini!" Jirani akacheka, akapiga paja. Mama naye akacheka, akaonyesha kwa kidole shavuni mwake pale ulipokuwa ule mstari. Nikakaa. Nikanywa maji. Nikangoja jirani aage, na jirani yule haagi upesi.

Tulipobaki wawili nikasema, "Mama, kinyozi hakuwa siku ya mwisho."

"Nani kasema?"

"Nimeziona tarehe. Kinyozi alikuwa Jumatatu. Siku ya mwisho tuligombana."

Nikamwambia yote: thelathini na moja, masikio yangu, andika mwenyewe, mikono yake alivyoitazama. Nikamwambia sikumuaga. Sikulia, nilikuwa nimelia njiani. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akikunja pindo la kanga na kulikunjua. Nilidhani atanikemea, au atasema maneno yale ambayo kila mtu huyasema, kwamba ndugu ni kugombana, kwamba alikuwa amekusamehe. Niliyaogopa hayo kuliko kukemewa.

"Ulimwambia hivyo?" akauliza. "Andika mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mikono ile."

"Ndiyo."

Huko nje mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Miezi mitano umeniacha nawaambia watu."

"Nilikuwa sijui kwa hakika. Na niliogopa kujua."

"Sasa unajua." Akaliachia pindo. "Hizo barua zina wiki yote?"

"Zipo zote za wiki ile. Kumi na tatu. Jumatatu sita. Jumanne hakuja. Jumatano nne, Alhamisi tatu."

"Na wewe ndiye uliyeziandika. Unakumbuka alivyosema, kila moja?"

Nikafikiri. Tangu Alhamisi ile ya stoo nilikuwa nimeitazama mistari miwili tu, kinyozi na mshonaji, kama vile kati yao hapakuwa na kitu. Lakini zilikuwapo nyingine kumi na moja. Jumatatu baada ya kinyozi alikuja mwalimu mstaafu aliyetaka kujua kama mguu wa bandia unaweza kupata baridi yabisi. Jumatano kaka alinitajia barua mbili akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniomba maji. Alhamisi asubuhi alimtengenezea dereva mmoja kisigino, akakisifu mwenyewe mpaka nikamwambia akioe. Mambo hayo yalikuwa yamenitoka kabisa, nami nilikuwepo.

"Nakumbuka," nikasema.

"Basi usinipe ya mwisho peke yake. Nimepewa ya mwisho mara mbili sasa, na zote mbili umenipa wewe." Akavuta kigoda akaweka miguu yake juu, kama anavyofanya akijua atakaa. "Anza Jumatatu. Saa ngapi aliingia?"

"Saa mbili kasoro robo."

"Alivaa nini?"

Nikaanza. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu kila barua aliuliza mgonjwa ni nani, mguu upi, amepata au bado. Jumanne, siku ambayo kaka hakuja kazini, alinisimulia mama: kaka alikuwa amempigia simu asubuhi, wakazungumza habari ya paa linalovuja, akamwambia amelala kidogo. Jumatano alipouliza juu ya yale maji nilimwambia alikunywa bilauri mbili. Nilipofika Alhamisi jioni nilianza kuipita haraka, nikitazama sakafuni. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Polepole," akasema. "Alisimama wapi?"

"Nyuma yangu. Upande wa dirisha."

"Endelea."